Nani Husiriba Nyumba Aprili?

Khayega,
Januari.

Mmbone,

Sianzi kwa salamu. Ulipokuwa hai hukuwahi kuningoja nimalize kukusalimu. Ulikuwa umeshacheka, umeshaingia jikoni na umeshaonja mboga yangu kwa kidole. Basi leo na mimi naingia kwako bila hodi.

Nakuandikia kwa sababu ya Imali, binti yako. Kuna jambo nilimfanyia mwaka jana na watu wananisema. Wanasema nilikuonea wivu wewe mdogo wangu hadi ukafa, na sasa namwonea mtoto wako. Nimelisikia kisimani, nimelisikia kanisani, nimelisikia kwa Mama. Hata Imali mwenyewe alinitamkia. Nataka ulipate kutoka kwangu kabla hujaletewa na hao wanaokuja huko kila wiki kutoka kwetu, maana najua wengine wamekwenda na midomo yao. Ni kweli, Mmbone. Wivu nilikuwa nao, ninao, na sijui kama utaisha.

Ulianza tukiwa watoto. Mimi ndiye kifungua mimba, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni Mama akienda kupalilia miwa, lakini Baba akirudi jioni aliita jina lako kabla hajashuka kwenye baiskeli. Siku moja nilileta ripoti ya shule, nimekuwa wa pili darasani, Baba akaitazama akasema vizuri. Hapohapo ukaanza kumsimulia habari ya kuku aliyeanguka kwenye sufuria ya uji. Baba akacheka mpaka akakohoa, na ile ripoti akaikalia.

Siku ya harusi yangu ukamnyang'anya mpigaji isukuti ngoma yake ndogo. Kwetu mwanamke hapigi isukuti, unajua, lakini wazee walikuachia, tena wakakushangilia. Mpaka leo mtu akiikumbuka harusi yangu husema, ile siku Mmbone alipiga ngoma. Aliyevaa shela nilikuwa mimi.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba furaha yako haikuwa na sababu. Mimi nikifurahi huwa kuna kitu: gauni limemkaa mteja vizuri, cherehani haijakata uzi siku nzima, mume wangu amerudi mapema. Wewe ulifurahi tu. Huna mume, huna shamba, mtoto umemzalia nyumbani kwa Mama, na bado unaamka unaimba. Nilikuwa najiuliza Mungu hugawaje vitu vyake.

Kulikuwa na upande wa pili, ambao sote tulijifanya hatuuoni mara tu ulipopita. Kulikuwa na miezi ya kuzimika. Ulikaa jikoni kwa Mama ukiutazama ukuta, hukuchana nywele, na Imali akiwa na miaka kumi na mmoja ndiye aliyekupikia uji na kukubembeleza unywe. Mara ya mwisho ilianza Krismasi ikafika mvua za masika. Tulikupeleka hospitali, ukapewa vidonge, ukavificha chini ya mkeka. Watu wa kanisa wakaja kuomba. Nami nilivuka mto kila Jumamosi na sukari mkononi, na hapa nitakuambia aibu yangu: miezi hiyo ndiyo niliyokupenda vizuri zaidi. Nilikuosha miguu, nikakusuka, na hapakuwa na mtu mwingine aliyekuja kukutazama.

Kisha asubuhi moja ya Aprili ukaamka, ukaoga, ukacheka.

Mama alikuja mwenyewe mpaka kwangu, anahema, kanga imemteleza. "Jerida, mtoto amepona!" Siku tatu baadaye natoka sokoni nikakukuta kwenye ukuta wangu. Ulikuwa umekoroga mavi ya ng'ombe na udongo, umesiriba mbele yote ya nyumba yangu, na juu yake umechora kwa ule udongo mweupe wa mtoni: mawimbi, kisha majani ya mgomba yaliyoshikana, kisha vijicho vidogo vyekundu katikati. Hukuniuliza. Na kabla ya kwangu ulikuwa umeshamaliza nyumba ya Mama, ya jirani yake na ya mchungaji. Nyumba nne kwa siku tatu, mwanamke ambaye wiki moja nyuma hakuweza kuinua kikombe.

Watu walikuja kutazama, wengine kutoka ng'ambo ya soko. Walisimama uani kwangu, wakakanyaga sukumawiki yangu, wakakusifu wewe.

Lakini, Mmbone, nani husiriba nyumba Aprili? Hakuna mwanamke wa hapa asiyejua. Nyumba husiribwa Desemba, jua likiwaka, ili Krismasi ikute kuta zimekauka. Aprili mvua hunyesha kila alasiri. Ukisiriba leo, kesho yote imeteremka mlangoni. Wewe ulilijua hilo tangu una miaka sita. Nilipokukumbusha ulicheka, ukaniambia, "Mvua hainyeshangi kwa ukuta yenye iko na furaha." Ndipo nikakutazama vizuri. Macho yaling'aa, midomo ilikuwa imekauka ikapasuka, na maneno yalikutoka yakikanyagana. Utafungua shule. Utamfundisha ndama jike wa Mama kupigana na mafahali wa mashindano wa Khayega, na atawashinda wote. Viatu vyako ulikuwa umempa mwanamke usiyemjua njiani. Nikamvuta Imali kando nikamuuliza mama yake analala saa ngapi. Akanijibu, "Mama halalangi siku hizi. Anasema kulala ni ya watu wagonjwa."

Hapo niliogopa. Naapa kwa jina la Baba, niliogopa. Nikamwendea Mama nikamwambia huyu hajapona, ni ugonjwa uleule umegeuza uso. Mama alikuwa anapepeta maharagwe, hakuinua hata kichwa. "Jerida, wewe uko na wivu. Akilia unakuja na sukari, akicheka unasema ni mgonjwa. Mtu akichekanga anapelekwanga hospitali?"

Nikaliacha jambo hilo, kwa sababu alinigusa penyewe. Nilijichunguza nikaukuta wivu umekaa moyoni, umenenepa, nikasema basi, hata haya ninayoyaona ni wivu unanionyesha. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na wivu na bado akawa anaona sawasawa.

Jumapili ikafanywa ibada ya shukrani kwa Mama. Mchungaji akakusimamisha mbele ya watu, akasema tazameni alichotenda Bwana. Uliimba pambio moja mara kumi, ukakataa kukaa, jasho likikutiririka, na watu wakapiga makofi wakiamini ni Roho amekushukia. Mimi nilipiga makofi pia. Kisha kikaletwa chakula. Mama alikuwa amemchinja jogoo wake mwekundu.

Unajua kwetu imondo, ile firigisi ya kuku, ni ya nani. Ni ya mwenye nyumba, na kama hayupo ni ya mgeni wa heshima. Tangu Baba afariki imondo ya nyumba ile haikuwa na mwenyewe. Nani alimuuguza Baba miaka miwili? Nani aliyekanyaga cherehani mpaka Mama akapata paa la mabati? Mama akaichukua kwa vidole vyake akaiweka sahanini kwako, juu ya obusuma, ule ugali wetu. Ukaitupa mdomoni huku unasimulia, sidhani hata uliitafuna.

Nilisimama nikasema naenda zangu nyumbani. Ukasema twende wote, ukanirekebishie ukuta, maana mvua ilikuwa imeshaula upande mmoja. Upande wa msituni mbingu zilikuwa nyeusi, kule juu kumeshanyesha. Njia nzima watu walikuita jina, nawe ukamkumbatia kila mtu. Tulipofika njia panda, ile ya kushoto inayokwenda darajani na ile fupi inayoteremka kwenye mawe ya kuvukia, nilisikia mto unanguruma. Nikakuambia tupitie daraja. Ukasema, "Hiyo maji inanijua." Ukaanza kuteremka ukiimba.

Ningekushika mkono. Nguvu nilikuwa nazo, mimi niliyekubeba. Lakini ile imondo ilikuwa imenikaa kooni. Nikasema moyoni, mwache, yeye kila kitu kinamjua, kila kitu kinampenda, acha na maji yampende. Nikashika njia ya daraja nikatembea haraka, sikugeuka. Nilisikia wimbo wako mpaka nilipofika kwenye miwa, halafu sikuusikia tena. Nikadhani ni umbali.

Hilo sijawahi kumwambia mtu. Walikupata Jumatano, chini kabisa ya mto, penye mianzi.

Hata mazishi yako niliyaonea wivu. Walikuzika karibu na ua, kama ilivyo kwa binti asiyeolewa, nikadhani watakuja wachache. Walikuja wengi mpaka ua wenyewe ukakanyagwa ukalala chini. Isukuti ililia siku mbili. Na watu walipokwisha kunyolewa nywele za msiba wakatawanyika, mimi nilirudi kwangu nikakoroga mavi ya ng'ombe, nikaifunika ile michoro yako iliyobaki chini ya paa mahali ambapo mvua haikufika. Niliwaambia watu kwamba siwezi kuitazama bila kulia. Uongo. Nilichoka na wale waliosimama uani kwangu kuulilia ukuta wako. Ilikuwa bado Aprili, na mimi nilikuwa na akili zangu timamu.

Imali akaja kuishi kwangu, akaniita Mama Mkubwa. Alikuwa mtoto mtulivu, mshona vifungo mzuri, na nilimpenda kwa sababu hakuwa kama wewe. Miaka minne na zaidi ikapita. Halafu mwaka juzi, mwishoni, akazimika. Aliacha shule, akaacha kula, akawa anakaa nyuma ya nyumba na uso ukutani. Mama akasema ni ukuaji. Mimi nikavijua vile visigino vilivyogeukia ndani, vilikuwa vyako.

Na Aprili mwaka jana nikatoka nje asubuhi nikamkuta ana ndoo, udongo umempanda mpaka viwikoni, manyunyu yanamwangukia kichwani, anasiriba jiko. "Mama Mkubwa, kuja uone! Niko na furaha mpaka mbavu inauma!"

Sitakuficha. Kitu cha kwanza kilichonipanda kilikuwa wivu. Ana miaka kumi na sita, anang'aa, na majirani wawili wameshasimama uani wanatabasamu. Nikasema ndani yangu, imeanza tena, na tena ni ukutani kwangu. Kisha nikaona midomo yake imepasuka. Nikamuuliza amelala lini. Akahesabu kwa vidole, akacheka, akapoteza hesabu.

Kufikia mchana Mama alikuwa ameshapata habari na ameshamfunga kuku wa shukrani miguu. Mchungaji ameshaambiwa. Mmbone, yote yalikuwa yanarudi kwa mpango uleule, kuku, pambio, makofi, na mto umejaa. Nilimvalisha Imali viatu vyangu, vyake alikuwa ameshavigawa, nikaita boda boda mbili za baiskeli twende mjini. Mama akasimama katikati ya njia. "Ulionea mama yake, sasa unaonea na mtoto. Wewe utashiba lini?" Nikamwambia, "Ndiyo, Mama, niko na wivu. Tupishe tupite." Alishangaa hata akapisha.

Imali alicheka kutoka Khayega mpaka Kakamega. Alimsifu mwenye baiskeli kwa miguu yake, akawasalimu wakata miwa wote wa barabarani, nao wakainua panga zao kumpungia. Hospitalini wagonjwa kwenye benchi walichangamka. Mimi nimekaa kando nimenuna, nimebeba mkoba. Karani akatutazama akaniuliza, "Mama, unaumwa wapi?" Nikamwambia mgonjwa ni huyu anayecheka.

Daktari, mama mmoja mtu mzima, hakucheka naye wala hakumkemea. Aliuliza kama Imali analala. Aliuliza kama anagawa vitu, kama kabla ya hapo alinyamaza, kwa muda gani. Mwisho akauliza kama kuna mtu mwingine wa damu yake aliyekuwa hivi. Nikakutaja. Nilizungumza juu yako mpaka kalamu yake ikapumzika. Viatu, ndama jike, nyumba nne siku tatu, pambio mara kumi. Akaniambia kuna ugonjwa unaomshusha mtu na unaompandisha, na kule kupanda ni ugonjwa vilevile, ila akipanda hakuna anayemleta, watu humleta akishaanguka. Halafu akaniambia, "Wewe ulimwangalia mdogo wako sana." Sikumwambia kwa nini.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nikalia. Miaka yote ile nilikuonea wivu kitu kilichokuwa kinakuua. Ni sawa na kumwonea wivu mwenye homa kwa sababu ana joto. Lakini kabla hatujaondoka nilirudi nikamuuliza daktari, je, ile furaha yake yote ilikuwa ugonjwa? Akasema hapana, mtu huwa na kicheko chake pia, na ugonjwa huja juu yake. Basi tangu siku hiyo nachambua, kama Mama na maharagwe yake. Ya kuku kwenye uji ni yako. Ya isukuti harusini kwangu ni yako. Hizo bado nakuonea wivu. Ya Aprili siyo yako, na hiyo nakuomba unisamehe.

Imali alilazwa wiki tano. Alirudi mzito, uso umevimba kidogo, mikono inatetemeka akitia uzi kwenye sindano. Siku ya kwanza nyumbani alinitazama akasema, "Mama Mkubwa, uliniibia furaha yangu." Na wewe unanijua: kicheko chake kiliposhuka, kuna mahali padogo ndani yangu palipumzika. Kila jioni nampa kidonge kwa mkono wangu, na kila jioni najiuliza nampa kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Kisha nampa.

Kisimani waliendelea. Maji hufuata mkondo, wakasema, mama kichaa na mtoto kichaa. Wengine wakasema mtoto alikuwa mzima, ni mimi niliyemmaliza kwa hospitali. Mama hakusema nami mpaka mahindi yakavunwa.

Desemba ikafika, jua likawaka. Imali akaniomba tusiribe nyumba. Nilimtazama kwanza, nikamuuliza kama amelala. Akasema amelala, akasema na mimi niache kuuliza. Tulisiriba polepole, siku mbili ukuta mmoja, kama watu wazima wanavyosiriba. Ukuta ulipokauka akaniuliza, "Mama yangu alichoranga nini hapa?"

Mama alikuwepo. Akasema maua. Jirani akasema hapana, ndege. Wakabishana, na hakuna aliyekumbuka, hata hao waliolia uani kwangu. Nyumba ya mchungaji siku hizi ni ya matofali, na ya Mama ilishaoshwa zamani. Mimi nikachovya kidole kwenye udongo mweupe. Nikachora mawimbi. Nikachora majani ya mgomba yaliyoshikana. Nikaweka vijicho vyekundu, kumi na saba, kwa mpangilio wako. Katika safu ya tatu kuna jani ulilolikosea likatazama nyuma. Nikalichora na lenyewe linatazama nyuma. Mkono wangu haukusita hata mara moja. Nilipogeuka Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga.

Wao walikupenda tu, wakakusahau. Mimi ndiye niliyeutazama ule ukuta kwa jicho baya, jioni baada ya jioni, na jicho la wivu halikosi kitu.

Imali alilitazama lile jani lililogeuka. Akasema, "Hii imepotea njia," akacheka. Kicheko kifupi, chenye sababu. Kisha akatandika mkeka kivulini akalala mpaka saa kumi, nami nikakaa hapo kumfukuzia nzi.

Krismasi Mama alichinja kuku. Imondo akampa Imali. Sikuipata, Mmbone, na nilikasirika. Usidhani nimekuwa malaika.

Basi nakuaga. Nakuahidi hivi: mtoto wako akilia nitakuja na sukari, na akicheka nitacheka naye, halafu nitamuuliza amelala saa ngapi. Wakiniita mwenye wivu nitaitika. Siku akitaka kupitia kwenye mawe nitamshika mkono, hata anichukie, hata kooni kuwe na imondo ya kuku kumi.

Lala, wewe uliyesema kulala ni kwa watu wagonjwa. Pale njia panda mimi ndiye niliyekuacha, na sikugeuka. Safari hii umetangulia wewe. Nikija nitakuita kutoka mbali, na najua utageuka, kwa sababu wewe hukuwa na wivu.

Dada yako,
Jerida